Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kulisha Mboga za Haidroponiki kwa Taka za Jikoni Mombasa

Majibu haya yamekusudiwa wakaazi wa Mombasa, hasa wale wanaoishi katika nyumba za ghorofa zisizo na shamba, wenye nafasi ndogo tu kwenye roshani, uani au juu ya paa la sementi, ambao kila siku hutupa maganda, majani ya chai na matumbo ya samaki, kisha huenda sokoni kununua mchicha na sukuma wiki. Haidroponiki ni kuotesha mimea bila udongo, mizizi ikipata chakula chake chote kutoka kwenye maji.

Je, taka za jikoni zinaweza kweli kuchukua nafasi ya mbolea ya dukani?

Zinaweza kwa sehemu kubwa, lakini si kikamilifu, wala hakuna njia ya mkato. Mboga ya majani inahitaji nitrojeni kwa wingi, kisha potasiamu, kalsiamu, fosforasi, magnesiamu na salfa, pamoja na madini ya kiasi kidogo sana kama vile chuma, zinki, manganizi na boroni. Karibu vyote hivyo vimo katika mabaki ya chakula, kwa kuwa chakula chenyewe kilitokana na mimea na wanyama waliovihitaji vilevile. Kinachokosekana mara nyingi ni chuma katika hali ambayo mzizi unaweza kukinyonya, na wakati mwingine magnesiamu. Kwa sababu hiyo tunapendekeza uwe na akiba ndogo ya chuma cha kilimo kinachoyeyuka majini na ya chumvi ya Epsom (yaani magnesiamu salfeti), vitu ambavyo hupatikana katika maduka ya pembejeo, na utumie taka za jikoni kwa hayo mengine yote.

Kwa nini nisitie maganda moja kwa moja ndani ya maji yanayolisha mimea?

Kwa sababu mzizi hauli ganda. Nitrojeni iliyomo katika mabaki ya chakula imefungwa ndani ya protini, na mzizi hauwezi kuifungua. Unachoweza kunyonya ni nitrojeni iliyokwisha kuwa nitrati au amonia. Katika shamba la udongo kazi hiyo ya kufungua hufanywa na bakteria wasiohesabika wanaoishi ardhini, na mkulima hata hawaoni. Katika ndoo ya maji safi bakteria hao hawapo, au ni wachache mno.

Kuna hatari nyingine iliyo kubwa zaidi. Sukari na wanga vinavyotoka katika maganda ya ndizi, embe au viazi huwavutia bakteria wa kuozesha, ambao huongezeka kwa muda mfupi sana na kutumia oksijeni yote iliyoyeyuka katika maji. Maji yenye joto la nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, lakini yakifika nyuzi 30, kama yanavyofika hapa kwetu bila shida yoyote, hubeba takriban 7.5 tu. Akiba hiyo huisha kwa saa chache, mizizi hukosa pumzi, hugeuka rangi ya kahawia na kuteleza mkononi, na mboga hunyauka huku imesimama ndani ya maji. Watu wengi huikatia tamaa haidroponiki ya taka za jikoni katika hatua hii, wakidhani mbolea ilikuwa kali mno, kumbe mizizi ilikufa kwa kukosa hewa.

Ndiyo maana tunasisitiza jambo moja kuliko mengine yote katika ukurasa huu: walishe bakteria kwanza, katika chombo chao wenyewe chenye hewa ya kutosha, kisha maji waliyoyaandaa ndiyo yapelekwe kwenye mboga.

Ni nini hasa kinachotendeka katika chombo hicho cha bakteria?

Protini huvunjwa kwanza ikawa amonia. Kisha kundi la bakteria linaloitwa Nitrosomonas hugeuza amonia kuwa nitriti, na makundi mengine, hasa Nitrobacter na Nitrospira, huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ndiyo chakula kikuu cha mboga za majani. Hatua hizi mbili za mwisho zinataka hewa nyingi: kila gramu moja ya nitrojeni inayogeuzwa kutoka amonia hadi nitrati hutumia takriban gramu 4.6 za oksijeni. Zinataka pia maji yasiyokuwa na asidi. pH, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi inapozidi, ya kati ya 7 na 8 ndiyo inayowafaa bakteria hawa, na ikishuka chini ya 6 kazi yao hupungua sana.

Mtafiti wa Japani Makoto Shinohara na wenzake walichapisha mwaka 2011 utafiti ulioonyesha kwamba jambo hili linaweza kufanyika ndani ya maji matupu. Walitia bakteria kutoka katika udongo au mboji, wakaongeza mbolea ya asili, ikiwemo ile iliyotokana na samaki, kidogo kidogo huku maji yakitiwa hewa, na nitrojeni ikageuka nitrati iliyoweza kulisha mimea ya haidroponiki. Maneno mawili ya kuzingatia hapo ni "kidogo kidogo". Anayemwaga sahani nzima ya mabaki kwa siku moja huwalemea bakteria, na ndoo huoza badala ya kuiva.

Katika jikoni la Mombasa, taka zipi zina manufaa zaidi?

Ya kwanza ni mabaki ya samaki: matumbo, matamvua, mapezi na maji ya kuoshea yenye damu. Hapa pwani tumebahatika, kwa kuwa kile ambacho wakulima wa bara hukinunua katika chupa, sisi huwatupia paka. Protini kwa kawaida ina nitrojeni ya asilimia 16 hivi ya uzito wake. Ukichukulia kwamba mabaki mabichi ya samaki yana protini ya asilimia 15, gramu 100 zitakuwa na takriban gramu 2.4 za nitrojeni, na kiasi hicho, kikigeuzwa chote, kinatosha kuzipa lita 20 za maji miligramu 120 za nitrojeni kwa kila lita, kiwango kinachoridhisha kwa mboga za majani. Kwa kweli si yote yatakayogeuka, kwa kuwa sehemu hupotea hewani kama amonia na sehemu hubaki katika masalio, lakini hesabu hii inakuonyesha kwamba mabaki ya samaki wawili au watatu yanaweza kubeba ndoo nzima. Mifupa nayo ina fosforasi na kalsiamu, ingawa huachilia polepole sana.

Majani ya chai yaliyokwisha kutumika yanafaa pia, mradi yasiwe yamepikwa pamoja na maziwa na sukari. Wapenzi wa chai ya rangi ndio wenye bahati hapa. Maganda ya mbaazi mbichi, ya kunde na ya maharagwe, mabua ya mchicha, na majani ya nje ya kabichi huoza upesi na yana nitrojeni ya kiasi.

Maganda ya ndizi yanastahili maelezo ya pekee kwa sababu yanasifiwa kupita kiasi. Ni kweli kwamba yana potasiamu nyingi, na potasiamu katika mmea haikufungwa ndani ya protini wala mafuta, hivyo hutoka kwa urahisi ganda likilowekwa. Lakini maji ya maganda ya ndizi pekee hayana nitrojeni ya maana. Yatie kama nyongeza ya samaki na mboga, kwa kuyakatakata vipande vidogo, na usiyategemee kuwa mbolea kamili.

Maji ya kuoshea mchele yana fosforasi na potasiamu kidogo, na wanga mwingi. Kikombe kimoja kwa ndoo hakina ubaya. Ndoo nzima ni kuharibu kazi.

Zipi zisitiwe kabisa?

Chakula kilichopikwa kwa chumvi na mafuta ndicho adui mkubwa. Mabaki ya pilau, biriani, mchuzi, viazi karai na mahamri yasitiwe, hata kama yanaonekana machache. Chumvi ya mezani ina sodiamu, ambayo mboga haiihitaji kwa wingi, na katika mfumo wa maji yanayozunguka haina pa kwenda. Hujilimbikiza wiki baada ya wiki mpaka mimea ishindwe kunyonya maji. Mafuta huelea na kuziba hewa isiingie.

Machicha ya nazi huulizwa sana, na jibu letu ni kwamba yasitiwe katika ndoo hii. Hata baada ya kukamuliwa tui la kwanza na la pili bado yana mafuta mengi, nayo huchacha vibaya. Wapeni kuku, au yapeleke kwenye shimo la mboji.

Wali na ugali mtupu, hata usiotiwa chumvi, una wanga mwingi na nitrojeni kidogo. Bakteria wakipewa wanga wa ziada huinyonya nitrojeni iliyomo majini ili kujenga miili yao, na badala ya kuiongezea mboga chakula unakuwa umeipokonya. Mwezi wa Ramadhani, maganda ya tikiti, mananasi na papai yanapojaa jikoni, ni vyema kupunguza matunda katika ndoo kwa sababu hiyohiyo ya sukari. Nyama mbichi na kuku mbichi viachwe kwa ajili ya usalama, na uchafu wa wanyama wa nyumbani usikaribie ndoo hata kidogo.

Nianzeje ndoo yangu ya kwanza?

Tafuta ndoo safi ya lita 20 yenye kifuniko, pampu ndogo ya hewa kama zile za matangi ya samaki wa mapambo, na mpira wake wenye jiwe la kutoa mapovu. Jaza maji ya mfereji, uyaache wazi usiku kucha na siku nzima huku pampu ikivuma, ili klorini iliyomo itoke, kwa kuwa klorini iliyowekwa kuua vijidudu vya maradhi huwaua pia bakteria unaowataka. Kisha tia viganja viwili vya mboji iliyooza vizuri, au udongo mweusi kutoka chini ya mti ambao haujapuliziwa dawa, ukiufunga katika kitambaa cha pamba. Hiyo ndiyo mbegu yako ya bakteria.

Kuanzia hapo, kila siku tia kijiko kimoja kidogo hadi viwili vya mabaki ya samaki na mboga yaliyosagwa kwa blenda au kutwangwa kwenye kinu mpaka yawe laini kama uji mzito. Takriban gramu 7 kwa siku, kwa muda wa siku 14, hukupa zile gramu 100 tulizozitaja. Usizidishe kwa haraka ya kuona matokeo. Mabaki ya wiki nzima yanaweza kusagwa kwa mara moja, yakawekwa katika trei ya barafu na kugandishwa, ukatoa kipande kimoja kila siku. Njia hii huondoa harufu jikoni na huweka kipimo kikawa sawa.

Baada ya wiki mbili acha kutia chochote, endelea kupiga hewa kwa wiki moja au mbili zaidi, kisha upime. Ndoo ya pili na za baadaye huiva upesi zaidi, kwa kuwa unabakisha lita mbili au tatu za ndoo ya zamani pamoja na matope yake kuwa mbegu, badala ya kuanza na udongo mpya.

Nitajuaje kwamba maji yameiva?

Njia ya uhakika ni kutumia vipimo vya maji ya samaki wa mapambo, vinavyopima amonia, nitriti na nitrati kwa matone au karatasi za rangi. Mwanzoni amonia hupanda. Kisha nitriti hupanda na amonia kushuka. Mwisho zote mbili hushuka karibu na sifuri na nitrati ikabaki peke yake. Hapo ndipo maji yameiva. Kupeleka maji yenye amonia nyingi kwenye mboga huunguza mizizi.

Pua nayo husaidia. Maji yaliyoiva hunuka kama ardhi baada ya mvua ya kwanza. Harufu ya uchachu au ya yai bovu maana yake hewa haitoshi. Harufu kali ya kuwasha pua ni amonia, na maana yake umetia protini nyingi mno. Katika hali zote mbili acha kutia taka, ongeza hewa, na usubiri.

Kipimo cha EC, ambacho hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme kutokana na chumvi zilizoyeyuka, kina faida lakini kinaweza kukupoteza. Hakioni nitrojeni iliyo bado ndani ya protini, na wakati huohuo kinahesabu sodiamu kana kwamba ni chakula. Katika maji yaliyoiva, letusi huridhika na EC ya takriban 0.8 hadi 1.2 (kwa kipimo cha mS/cm), na sukuma wiki na spinachi huweza kupanda hadi kama 2.

Maganda ya mayai yana kazi gani?

Yana kazi kubwa kuliko wengi wanavyofikiri, ila si ile inayozungumzwa. Ganda la yai karibu lote ni kalsiamu kaboneti, ambayo haiyeyuki katika maji ya kawaida, hivyo kulitupa ganda ndani ya tangi la mboga ni kama kutupa kokoto. Lakini ndani ya ndoo ya bakteria mambo hubadilika. Bakteria wanapogeuza amonia kuwa nitrati hutoa asidi. Kila gramu ya nitrojeni inayogeuzwa hula alkali inayolingana na takriban gramu 7 za kalsiamu kaboneti. Sehemu ya alkali hiyo hutolewa na kuoza kwa protini kwenyewe, na iliyobaki lazima itoke mahali fulani, la sivyo pH hushuka na bakteria husimama. Ganda la yai lililo ndani ya ndoo huyeyushwa na asidi hiyo kwa kadiri inavyotolewa, likazuia pH isianguke na papo hapo likaachilia kalsiamu ambayo mboga inaihitaji.

Chemsha maganda kwa dakika 10 ili kuua vijidudu vya maradhi, yaanike juani, yaponde mpaka yawe kama chenga za mchele, uyafunge katika kitambaa na kuyaning'iniza karibu na mapovu. Ganda moja lina uzito wa gramu 5 au 6, na maganda mawili hadi matatu yanatosha kwa ndoo ya lita 20. Zipo njia za kuyayeyusha kwa siki, ambapo gramu moja ya ganda huhitaji takriban mililita 24 za siki ya asilimia 5, lakini kinachopatikana ni chakula kingine cha bakteria wa kuozesha, na sisi hatuoni sababu ya kujitafutia kazi hiyo.

Maji ya kisima yanafaa?

Katika kisiwa cha Mombasa na sehemu nyingi zilizo karibu na bahari, hapana. Visima vingi vina maji ya chumvi kwa sababu maji ya bahari hupenya kwenye miamba ya matumbawe. Kama sabuni haitoi povu na chai inabadilika ladha, usiyatumie kwa mboga za majani, hasa letusi. Maji ya mfereji, yawe yanatoka Mzima, Marere, Baricho au Tiwi, yanafaa yakishaachwa klorini itoke. Wanaonunua maji ya mikokoteni wamuulize muuzaji ameyateka wapi, na wayapime kwa EC kabla ya kuyatia tangini. Maji ya mvua ya masika, Aprili hadi Juni, na ya vuli, Oktoba na Novemba, ndiyo bora kuliko yote. Anayeweza kuyakinga katika pipa lililofunikwa ayahifadhi kwa ajili ya kuzimulia.

Joto la Mombasa haliharibu kazi hii?

Joto lina pande mbili. Bakteria wanalipenda, na ndoo zetu huiva upesi kuliko za mahali penye baridi. Mizizi hailipendi, kwa kuwa maji moto yana oksijeni kidogo na ugonjwa wa kuoza mizizi unaosababishwa na vimelea viitwavyo Pythium hustawi humo. Tangi la mboga liwe jeupe au lifunikwe kwa gunia jeupe, likae upande unaopata jua la asubuhi na kivuli cha alasiri, na liwe kubwa iwezekanavyo, kwa sababu lita 60 hupata moto polepole kuliko lita 10. Miezi ya kaskazi, hasa Januari hadi Machi, ndiyo migumu. Upepo wa kusi unapovuma, Juni hadi Septemba, kazi huwa nyepesi.

Nipande mboga gani?

Anza na mchicha na matembele. Mchicha unapenda joto na huweza kuchumwa ndani ya wiki tatu au nne tangu kupandwa. Matembele huota kwa kipande cha shina tu na huvumilia makosa mengi ya mwanafunzi. Sukuma wiki, spinachi na mnavu hufuata. Letusi huchanua na kuwa chungu kwenye joto, hivyo ipandwe wakati wa kusi pekee, na hata hapo penye kivuli. Tunawasihi wanaoanza wasianze na letusi kwa sababu tu wameiona katika picha za haidroponiki za nchi nyingine. Mimea tuliyoirithi pwani inaijua hewa hii.

Badala ya udongo, mizizi ishikwe na kokoto au makumbi?

Vyote viwili vinafaa, kila kimoja na tahadhari yake. Kokoto zinazouzwa hapa huweza kuwa za matumbawe, nazo hizo ni kalsiamu kaboneti ile ile ya ganda la yai. Zikijaa kwenye bomba au kitanda cha kupandia mboga hupandisha pH ya maji mpaka mimea ishindwe kunyonya chuma. Dondoshea siki juu ya jiwe moja: likitoa mapovu, usilitumie. Makumbi ya nazi ni mepesi, hushika maji na hewa kwa pamoja, na hupatikana bure kwa wauza madafu, lakini mara nyingi yana chumvi ndani yake. Yaloweke katika maji baridi yasiyo na chumvi, uyakamue na kubadilisha maji mara kadhaa mpaka EC ya maji yanayotoka ikaribiane na ya maji uliyoyatia.

Ni mfumo upi unaofaa mbolea ya aina hii?

Kitanda chenye makumbi au kokoto, kinachomwagiwa maji na kuachwa yachuruzike, ndicho tunachokipendekeza. Vipande hivyo huwa makao ya bakteria, nao humalizia kazi iliyobaki. Mabomba membamba yenye utando wa maji huziba kwa matope. Ule mtindo wa kuacha mmea juu ya maji yaliyotulia bila pampu, ambao hufaa sana kwa mbolea ya madini, haufai hapa, kwa kuwa mabaki yoyote yaliyomo hula oksijeni na hakuna kinachoirudisha. Kabla ya kutia maji tangini yachuje kwa chujio la tui na kitambaa, kisha uyazimue na kuleta pH kati ya 6 na 6.8. Ndimu au siki hushusha pH kwa siku moja au mbili tu, kwa sababu bakteria huila. Pima tena kila siku.

Majani yanageuka manjano. Kuna upungufu gani?

Tazama ni majani yapi. Yakianza yale ya chini yaliyozeeka, yote yakiwa manjano sawasawa, ni nitrojeni. Yakianza ya chini lakini mishipa ikabaki kijani, ni magnesiamu, na kijiko kidogo cha chumvi ya Epsom kwa lita 20 husaidia. Yakianza machanga ya juu, mishipa ikiwa kijani, ni chuma, na mara nyingi sababu ni pH iliyopanda. Ishushe kwanza kabla ya kuongeza chuma. Ncha za majani machanga zikiungua, ni kalsiamu isiyofika huko, jambo ambalo hutokea sana penye unyevu mwingi na hewa iliyotulia.

Je, mboga hizi ni salama kuliwa?

Ni salama zikishughulikiwa kwa uangalifu, na hapa hatutaki mtu afanye mzaha. Ndoo ya jikoni haipati joto kama lundo kubwa la mboji, ambalo hufika nyuzi 55 na kuua vijidudu vya maradhi, hivyo maji yake yachukuliwe kuwa yanaweza kubeba Salmonella au E. coli. Yasinyunyiziwe kamwe juu ya majani. Yaende kwenye mizizi tu. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kuyagusa, na vyombo vyake visirudi jikoni. Mchicha, sukuma wiki na matembele hupikwa, na moto humaliza wasiwasi. Kwa letusi, giligilani na chochote kinacholiwa kibichi katika kachumbari, ushauri wetu ni kutumia mbolea ya madini, hasa nyumbani mwenye watoto wadogo, mama mjamzito au mgonjwa.

Majirani hawatalalamikia harufu na mbu?

Harufu hutoka pale tu hewa ikikosekana au taka ikizidi. Suala la mbu ni zito zaidi. Mombasa imepata milipuko ya homa ya dengi na, mwaka 2017 hadi 2018, ya chikungunya, na mbu aenezaye maradhi hayo, Aedes aegypti, hutaga katika vyombo vidogo vya maji nyumbani. Kila ndoo, pipa na tangi lifunikwe kwa kifuniko au wavu mwembamba uliofungwa kwa kamba, na nafasi inayobaki kandokando ya mpira wa hewa unapopita kwenye kifuniko izibwe. Asiyeweza kutimiza hilo asiwe na maji yaliyosimama juu ya paa lake.

Umeme ukikatika?

Saa moja au mbili hazina madhara. Zikizidi, koroga ndoo kwa mwiko kila baada ya nusu saa, au chota maji na kuyamwaga kutoka juu ili yachanganyike na hewa, na usitie taka siku hiyo. Pampu ndogo ya wati 5 ikiwashwa mwezi mzima hutumia takriban uniti 3.6, kwa hivyo betri ndogo ya sola inaweza kuimudu.

Je, kutenganisha taka ni lazima kisheria?

Ndiyo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inawataka Wakenya watenganishe taka zinazooza na zile zisizooza. Kila kilo ya mabaki inayoishia kwenye ndoo yako ni kilo moja isiyosafirishwa hadi jaa la taka la Mwakirunge kuoza huko pamoja na plastiki.

Maji ya tangi yabadilishwe lini, na masalio ya chujio yaende wapi?

Wakati wa joto ongeza maji matupu kila siku kufidia yanayokauka, na maji yaliyoiva mara mbili au tatu kwa wiki. Kila baada ya wiki tatu au nne, au EC ikiendelea kupanda wakati mimea haikui, toa maji yote uyamwagie minazi, miembe au maua, uanze upya. Masalio yanayobaki kwenye chujio yamejaa bakteria na fosforasi. Nusu yarudishe katika ndoo mpya kama mbegu, na nusu uyafukie kwenye udongo wa chungu cha mpilipili au cha mwarubaini, yafunikwe kwa udongo wa kina cha vidole vinne ili paka wasiyafukue.